Karatasi Ndani ya Chupa

(Haya niliyasema kwenye mahafali ya kidato cha nne ya shule moja hapa Kigoma mjini. Sikuwa na karatasi mkononi siku ile, nimeyaandika baadaye kwa kuombwa na walimu. Salamu za itifaki nimezikata, maana zenyewe zilikula robo saa.)

Wakubwa wote, shikamooni. Wadogo, marahaba, najua mlikuwa mnataka kuniamkia.

MC amenitambulisha kuwa ni mgunduzi wa samaki wa Ziwa Tanganyika. Namshukuru, lakini amenipandisha cheo bila barua. Mimi nilikuwa fundi sanifu wa maabara. Miaka 26 nimeosha chupa, nimechanganya spiriti, nimepima samaki kwa rula na kuandika lebo. Wagunduzi walikuja na ndege wakaondoka na ndege. Mimi nilibaki na harufu, na shahidi wangu ni mama yule wa kitenge cha njano pale nyuma, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akinivulisha shati mlangoni.

Ndoo iliyo chini ya meza ya zawadi ni yangu. Ina samaki. Nimeona vijana wa usafi wakiinyemelea, naomba waiache. Tutaifikia.

Nianzie sokoni. Ukifika Dar es Salaam ukasema umetoka Kigoma, kabla hujaulizwa habari za wazazi utaulizwa dagaa uko nao wangapi. Dagaa wa Kigoma. Wa Mwanza hawamtaki, au wanamtaka kwa bei nyingine. Sasa niwaulize nyinyi mliosoma baiolojia miaka minne: dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza ni nini kwa nini?

(Hapa walijibu "ndugu", karibu ukumbi mzima.)

Ndiyo, hata mimi ningejibu hivyo. Wote wadogo, wote wanang'aa, wote wanaanikwa juani, wote wanapimwa kwa sado. Lakini dagaa wa Mwanza, ambaye vitabuni anaitwa Rastrineobola argentea, yuko upande wa ningu na kuyu. Dagaa wetu, Stolothrissa tanganicae, pamoja na mwenzake lumbu, Limnothrissa miodon, wako upande wa samaki wa baharini, jamaa za sadini wa kopo. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mababu wa hawa wetu walitoka baharini wakaingia kwenye maji baridi upande wa Afrika Magharibi, kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita. Ziwa letu lina umri wa kama miaka milioni 9 hadi 12. Maana yake dagaa alianza safari ya kuja Kigoma wakati Kigoma bado haina ziwa.

Neno dagaa, basi, linataja kimo. Linafanya kazi yake vizuri sokoni na jikoni, wala simlaumu mtu. Ila ukitaka kujua nani ni mtoto wa nani, kimo hakikusaidii.

Na lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Kipepeo. Kwa umbo ni neno la kiti na kitabu, ki- kama ki-. Lakini hakuna mtu humu atakayesema "kipepeo kinaruka". Tunasema anaruka. Kiboko amezama, kifaru amekasirika. Mswahili aliangalia umbo la neno, kisha akaangalia kitu chenyewe kinapumua au hakipumui, akaamua kwamba uhai unashinda umbo. Mkiulizwa uainishaji ni nini, msikimbilie yale madaraja mliyokariri kutoka himaya hadi spishi. Anzeni na kipepeo.

Mgebuka naye yalimkuta hayo. Mgebuka mnamjua, mmemla juzi. Mwaka 1914 aliandikwa kwa jina la Luciolates stappersii. Stappers alikuwa daktari Mbelgiji aliyezunguka ziwa hili akikusanya samaki. Alipewa jenasi ya peke yake, ndilo lile jina la kwanza kati ya mawili, kwa sababu ni mwembamba na mrefu, hafanani na sangara wanene. Baadaye wataalamu wakarudi kwenye mifupa, wakaona wembamba ule ni mwili tu, wakamhamishia Lates. Leo anaitwa Lates stappersii, na ni ndugu wa damu wa sangara wa Victoria. Yeye hakubadilika hata gamba moja. Aliendelea kuwafukuza dagaa usiku kama kawaida.

Sasa hili neno kugundua. Nina ugomvi nalo kidogo.

Tarehe 13 Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliliona ziwa hili kutoka mlimani, wakashuka Ujiji. Walibebwa kuliko walivyotembea. Burton alikuwa mgonjwa, miguu haimtii. Speke macho yalikuwa yamevimba, haoni vizuri. Basi huyo asiyeona ndiye aliyevuka ziwa kwa mtumbwi mwezi uliofuata, akiwa na mwongozaji wake, Sidi Mubarak Bombay, na wapiga kasia. Njiani dhoruba ikawapiga, wakalala kisiwani, na usiku mende wa porini akamwingia Speke sikioni. Akajaribu kumtoa kwa kisu kidogo cha mfukoni. Msijaribu. Sikio likaoza, likatoa usaha, na kwa muda hakusikia nalo.

Mtu huyo, haoni, hasikii, aliokota makombe ya konokono ufukweni akayafunga akaenda nayo kwao. Mwaka 1859 bingwa wa konokono huko London, Woodward, akayaandika. Ndio wanyama wa kwanza wa ziwa hili kuingia kwenye daftari la sayansi. Mmoja wao leo anaitwa Spekia zonata. Ni yule wa duara, mnene, anayeganda kwenye mawe pale mawimbi yanapopiga. Mtoto wa Ujiji alikuwa akimkanyaga kila siku.

Je, Speke alimgundua? Wapo wanaokasirika wakisikia hivyo, na hasira yao naielewa. Lakini mimi niliyefanya kazi upande wa chupa naona hivi: kumwona mnyama ni jambo moja, na hilo wavuvi walishamaliza zamani. Jambo la pili ni kumweka mezani pamoja na wote wanaofanana naye duniani, kuonyesha kwa vipimo kwamba hafanani na yeyote, kumpa jina, kuchapisha, na kumhifadhi mahali ambapo mtu wa miaka 200 ijayo anaweza kuja kukubishia. Hili la pili halikufanyika Ujiji. Wala si kwa sababu watu wa Ujiji hawakuwa na akili. Chupa, vitabu na makabati vyote vilikuwa kwingine.

Kisha ikawa mtindo. Moore, Mwingereza, alikuja mara mbili, ya kwanza 1895 hadi 1896. Alivutiwa na konyeza, yule mnyama laini kama mwavuli mdogo wa utelezi, si mkubwa kuliko sarafu. Konyeza ni wa baharini, anafanya nini huku? Akajenga nadharia nzima kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki nchi kavu. Waliomfuata hawakukubaliana naye. Ila samaki aliowachukua walimfikia Boulenger kwenye jumba la makumbusho la London, na kuanzia 1898 Boulenger akawa anamwaga majina kama mtu anayepura mpunga. Tropheus moorii, wa Moore. Perissodus microlepis. Na kuhe wetu, huyu mkubwa kuliko jamaa zake wote wa Afrika wa ukoo wa sato na perege: Boulenger alimpa jina la pili microlepis, maana yake magamba madogo. Akina mama mliowahi kumparua kuhe mtasema kama kweli au uongo. Jina la kwanza alilonalo leo, Boulengerochromis, alipewa baadaye na Mfaransa kwa heshima ya Boulenger mwenyewe. Si desturi mtu kujiita mwenyewe, unasubiri mwenzako akuite. Kama jina la utani.

Huyo Perissodus nisimwache hivi hivi. Chakula chake ni magamba ya wenzake. Anamnyemelea samaki kwa nyuma, anambandua magamba ubavuni, anakimbia. Na mdomo wake umepinda, wengine kulia, wengine kushoto, na kila mmoja ana ubavu wake wa kushambulia. Mwaka 1993, karibu miaka 100 baada ya kupewa jina, Mjapani Michio Hori akaeleza kwa nini waliopinda kulia na waliopinda kushoto hawazidiani sana. Wa upande mmoja wakiwa wengi, samaki wanaowindwa wanalinda ubavu ule, basi wa upande wa pili wanapata mwanya wa kula na kuzaa, mpaka nao wawe wengi. Boulenger alikuwa na samaki huyo mkononi. Lakini alikuwa na samaki ndani ya chupa.

Niwaonyeshe sasa kazi yenyewe, maana watu wanafikiri ni kupiga kelele "nimempata!"

Samaki anatoka majini. Una dakika chache tu, rangi inakimbia. Yule wa njano na mistari ya buluu, ukimaliza kufunga kamba ya mtumbwi ameshakuwa wa majivu. Kwa hiyo kwanza picha, ubavu wa kushoto, kila samaki duniani anapigwa ubavu wa kushoto ili tulinganishe sawa kwa sawa. Kisha unakata kipande cha pezi, kidogo kama ukucha wa mtoto, unakitia kwenye spiriti ya peke yake kwa ajili ya vinasaba. Hili kabla ya formalini, ile dawa ya kuzuia mwili usioze, maana formalini inaviharibu. Kisha unamlaza kwenye sponji, unamtandaza mapezi kwa pini, unayapaka formalini kwa brashi yakauke yakiwa wazi. Formalini inawasha macho kuliko kitunguu. Baada ya siku kadhaa unamwosha, unamhamishia kwenye spiriti ya asilimia 70, na hapo atakaa.

Halafu kuhesabu. Miiba ya pezi la mgongoni, mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano. Magamba ya mstari wa ubavuni. Upana wa jicho, urefu wa pua, kimo cha mkia. Na koo. Samaki wa ukoo wa sato wana taya la pili kooni, mmeshakutana nalo mkila kichwa, lile lenye meno linalokwaruza ulimi. Hilo ndilo kitambulisho cha taifa cha samaki hawa. Mla konokono ana meno ya kooni kama kokoto, mla majani ana meno kama brashi. Nimefungua makoo ya samaki kuliko daktari yeyote wa mkoa huu.

Ukikuta hesabu zako hazimwangukii yeyote aliyeandikwa, bado. Unarudi kwenye vitabu vyote tangu 1758, mwaka wa kitabu cha Linnaeus wa Uswidi, ambacho majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia hapo. (Sangara wa Victoria yumo humo humo, alipewa jina mwaka huo kwa samaki wa Mto Nile.) Kwa nini kurudi? Kwa sababu sheria ya majina inasema aliyetangulia ndiye mwenye haki. Unaweza kumaliza miaka mitano, ukachapisha, akatokea mzee kutoka Paris akasema samaki wako alishaandikwa mwaka 1900 na kitu, jina lako likafa siku hiyo hiyo.

Ukipita hapo, unateua samaki mmoja tu awe shahidi wa jina. Wanamwita holotaipu. Jina limefungwa kwake, kama cheti cha kuzaliwa kilivyofungwa kwa mtu mmoja. Wengine wote wataitwa hivyo wakifanana naye.

Na ndani ya chupa ya shahidi huyo kuna karatasi. Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa.

Karatasi ngumu, si ya daftari. Penseli, si kalamu. Inaingia ndani ya chupa, haibandikwi nje, kwa sababu ya nje hubanduka, huliwa na mende, hulowa. Unaandika mahali, kina cha maji, tarehe, alivuliwa kwa nini, na nani. Mstari wa mwisho, jina ambalo wenyeji wanamwita.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikwenda kusini kwa boti siku 9, na mtafiti mmoja mama wa makamo. Siku ya sita penseli yangu ilidondoka majini. Nikaona aibu kusema. Nilikuwa na kalamu ya wino mfukoni, nikaandika nayo chupa 14. Tuliporudi Kigoma, wiki mbili baadaye, nikafungua sanduku. Spiriti ilikuwa ya buluu kama maji ya kuloweka mashati ya sare. Karatasi zote nyeupe, safi, kama hazijawahi kuandikwa. Mama yule akainua chupa moja dirishani, akaniuliza, "Huyu ametoka wapi?" Nikamjibu, "Ziwani, mama."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

Ziwani. Ziwa lenyewe lina kama kilomita 670 kutoka juu hadi chini, nchi nne, kina chake mita 1,470 na zaidi kidogo, ingawa chini ya kama mita 200 hakuna hewa ya samaki kuvuta, hivyo maji mengi ni matupu. Samaki wa mwambani havuki mchanga. Mchangani hakuna pa kujificha, ataliwa. Basi kila mwamba una watu wake. Tropheus wa mwamba huu ana mshipi wa njano, wa mwamba wa pili mwekundu, wa tatu mweusi tii. Je, ni spishi moja yenye kanga tofauti, au ni spishi nyingi? Wataalamu hawajamaliza kubishana, nimewasikia wakibishana hadi saa nane usiku kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni. Lakini bila kujua ametoka mwamba gani, huna hata cha kubishania. Una nyama kwenye spiriti.

Na msidhani ni ujinga wangu peke yangu. Zipo chupa za zamani huko Ulaya ambazo lebo inasema "Ziwa Tanganyika", basi. Na nimewahi kufunguliwa kabati hapa hapa nchini, sitasema la nani, fedha ya spiriti ilikuwa haijatoka misimu kadhaa. Samaki walikuwa wamekauka kama maganda ya ndizi. Lebo zilikuwa nzuri sana.

Ukoo huu wa sato peke yake ziwani unakadiriwa kuwa na spishi kama 240, karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Zaidi ya 200 wameshaandikwa. Waliobaki wanajulikana, wana picha, wengine wanauzwa nje kwa ajili ya matangi ya mapambo, ila hawana jina rasmi. Hata wenye majina hawajatulia: mwaka 2006 watafiti wawili waliwapitia upya gogogo wa ziwa hili, samaki wa ukoo mwingine, wakatoa spishi tatu mpya humo.

Jina lina faida gani? Kuna mtu atauliza, na mwaka ule wa chura wa Kihansi wengi waliuliza. Mnakumbuka tulivyocheka? Chura asiyefika sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga, anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu duniani. Alionekana na wanasayansi 1996, akaandikwa 1998, bwawa la umeme likaanza kuchukua maji yake muda mfupi baadaye. Mwaka 2000 waliokotwa 499 wakapelekwa Marekani. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Waliokwenda Marekani walizaa, na kuanzia 2010 wakaanza kurudishwa nyumbani. Hilo bwawa lingejengwa miaka michache kabla, angeondoka bila mtu kujua kwamba kuna aliyeondoka.

Hadithi ninayoipenda ni ya Rungwe. Watafiti walikuwa wakifanya kazi kule, wakawa wanasikia wawindaji wakitaja kima mmoja, kipunji. Walidhani ni mnyama wa hadithi za usiku. Mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2005 akaandikwa kwa kutumia picha, jambo lililowaudhi wazee wengi wa fani. Walimweka kwenye jenasi ya mangabe, kima wa aina nyingine, maana anafanana nao. Kisha mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima shambani, vinasaba vikapimwa, kumbe yuko karibu zaidi na nyani. Umbo lilidanganya tena. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu 1923. Jina lake kamili ni Rungwecebus kipunji. Jina la wawindaji limebaki kama walivyolitamka.

Hapo ziwani kwetu mambo ni mchanganyiko. Yupo swila wa majini, anayekula samaki kwenye mawe, mpiga mbizi yeyote wa hapa ameshakutana naye. Mwaka 1886, huko Brussels, aliitwa Boulengerina stormsi. Boulenger mshamjua. Storms alikuwa luteni wa Kibelgiji upande wa pili wa ziwa, Mpala. Desemba 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga wa Watabwa, wakamkata kichwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji pamoja na mikusanyo mingine. Fuvu na nyoka, mzigo wa mtu mmoja. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa mahali pake kule Brussels. Nyoka wetu amehamishiwa jenasi ya Naja pamoja na swila wengine, lakini stormsi limebaki, kwa sababu sheria ya majina haiangalii tabia ya mtu. Aliyetangulia ana haki. Mimi nimeishi na sheria hiyo, naijua faida yake, bila hiyo kila mtu angebadilisha majina kila akiamka. Lakini nikimwona yule nyoka simwiti hivyo.

Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha. Maswali mawili.

(Kijana mmoja akauliza: "Babu, jina lako liko kwenye samaki gani?")

Hakuna. Liko kwenye shukrani za mwisho wa makala, mara tatu, na mara mbili wamelikosea herufi. Nilikuwa na kibali cha kuosha chupa, mjukuu wangu, si cha kuandika. Wewe una cheti cha kidato cha nne keshokutwa. Anza na hicho.

(Wa pili alikuwa mama wa mwaloni Kibirizi, mzazi wa mhitimu. Aliuliza hivi: "Sisi tunachambua dagaa na lumbu tangu tukiwa wasichana. Hata wakiwa wachanga, mkono unajua. Mbona hao wataalamu wako hawakuwahi kuja kutuuliza?")

Mama, sina jibu zuri. Ule mstari wa mwisho wa lebo, wa jina la wenyeji, nimeuacha wazi mara nyingi kuliko nilivyoujaza. Giza linaingia, mvua inakuja, mgeni anataka kulala. Mtu anasema tutajaza kesho.

Sasa vijana, sogezeni hiyo ndoo. Wametoka Katonga leo alfajiri, nimewaweka kwenye barafu, harufu mtaizoea. Karatasi nimezikata mwenyewe jana usiku, penseli ziko kwenye kikombe, chupa 12. Kila meza ichukue samaki mmoja. Msianze na jina la Kilatini.

(Yule mama ndiye aliyekuja wa kwanza, akakunja mikono ya gauni, akachagua mmoja bila kusita. Akalamba ncha ya penseli. Tarehe akaandika, mahali akaandika. Kwenye kina akasimama akaniuliza aandike mita ngapi. Nikamwambia sikuwepo usiku ule mtumbwini. Akatoa simu kwenye mkoba, akampigia mvuvi.)